Dawa ya kurudisha nguvu na mgonjwa ambaye hajamaliza vidonge

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi gazetini nizungumzie dawa za Ayurveda, tiba ya kale ya Wahindi, ambazo hapa Jinja, Uganda, huuzwa kwa watu wanaoinuka kutoka kwenye ugonjwa mzito.

Mdogo wangu aliugua kifua kikuu. Baada ya miezi miwili ya dawa nne, kikohozi kilikoma, akawa anatembea mwenyewe hadi sokoni, na nyumbani sote tukasema amepona. Kumbe matibabu ni ya miezi sita, na ile minne iliyobaki huendelea na rifampisini na isoniazidi, ambazo zote mbili zinaweza kudhuru ini. Hapo ndipo shangazi yetu, kwa nia njema kabisa, alipomletea kopo la vidonge vya ashwagandha, mmea wa Kihindi unaouzwa kama dawa ya kurudisha nguvu, pamoja na mfuko wa nailoni wenye unga wa kijivu, usio na jina la mtengenezaji wala la dawa, ila karatasi iliyoandikwa kwa kalamu: "kijiko kimoja asubuhi". Muuzaji hakumwuliza kama mgonjwa bado anameza dawa nyingine.

Muuguzi wa kliniki alituambia tuviweke kando vyote viwili. Ashwagandha imeripotiwa kudhuru ini la baadhi ya watumiaji, na macho ya mgonjwa wa kifua kikuu yakigeuka manjano au mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi, itakuwa vigumu kujua dawa ipi imemfikisha hapo. Kuhusu unga, lipo tawi la Ayurveda linalotumia madini kwa makusudi, zebaki ikiwemo, yakichomwa hadi kuwa majivu yaitwayo bhasma. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 ulipima bidhaa 70 za Ayurveda zilizouzwa madukani katika eneo la Boston, Marekani, na 14 kati yake zilikutwa na madini yenye sumu, yaani risasi, zebaki au aseniki. Boston si Jinja, lakini bidhaa hizo nazo zilinunuliwa dukani kama unga huu wetu.

Sisemi Ayurveda yote itupwe. Mafundisho yake kuhusu chakula cha anayepona yananipendeza: kwamba moto wa tumbo, yaani agni, ni kama sigiri iliyowashwa sasa hivi, haitaki kujazwa makaa kwa pupa. Mgonjwa huanza na maji ya wali, kisha uji mzito kidogo, ndipo apewe mchele na choroko zilizopikwa pamoja hadi zikalainika, zikatiwa manjano, tangawizi na samli kidogo, chakula ambacho majirani zetu Wahindi hukiita kichri. Mdogo wangu, aliyekuwa akisukuma kando sahani ya matoke na mchuzi wa karanga, alikila kichri kila jioni, ingawa nakiri alichokigombania zaidi ni ukoko. Manjano ya chunguni, hata hivyo, si sawa na manjano yaliyokolezwa ndani ya kidonge.

Sheria ya tiba asili na tiba mbadala tunayo tangu mwaka 2019. Naiomba Mamlaka ya Taifa ya Dawa ikague maduka haya, na kila muuzaji aulize kwanza mgonjwa anameza nini. Mfuko wa shangazi bado ninao, haujafunguliwa, na niko tayari kumkabidhi mkaguzi yeyote atakayeuhitaji.

Msomaji wako,
Jinja