Mdogo wangu, kabla hujasaini

Mdogo wangu,

Umeniuliza swali hili mara nyingi hadi nimeona nikujibu hadharani, maana si wewe peke yako unayeniuliza: uache kazi ufanye muziki, au ubaki? Juzi umeongeza na la pili. Kuna lebo, yaani kampuni ya muziki, imekutumia mkataba na inataka sahihi yako kabla ya mwisho wa mwezi. Unajua kazi yangu ni kuwatunzia wanamuziki hesabu zao, kwa hiyo usitegemee nikwambie ufuate ndoto zako. La kuacha kazi nitalijibu kwa ufupi. La mkataba nitalijibu kwa urefu, kwa sababu hilo ndilo litakaloamua lile la kwanza.

Kipaji unacho, hilo tuliache. Ninachoona hujakijua bado ni kwamba tayari una mali, na mwenzako aliyekuandikia huo mkataba anaijua vizuri kuliko wewe.

Kila wimbo uliorekodi una mali mbili. Kuna utunzi, yaani mashairi na melodi. Halafu kuna rekodi yenyewe, ile sauti iliyonaswa studio, ambayo wenye kazi yao wanaiita masta. Hizi ni haki mbili mbalimbali. Zinaweza kuwa na wenyewe tofauti, na pesa zake hupita njia tofauti. Mtu akiuimba upya wimbo wako kwa sauti yake, anatumia utunzi wako lakini masta yako hajaigusa. Filamu ikitaka kuitumia rekodi yako ile ile, inahitaji ruhusa zote mbili.

Ukitaka kuona tofauti hiyo ikifanya kazi, mtazame Taylor Swift. Mwaka 2019 masta za albamu zake sita za kwanza ziliuzwa kwa watu wengine. Akarudi studio, na kuanzia 2021 akawa anatoa albamu za zamani alizozirekodi upya, nota kwa nota, nazo zikauzwa sana. Aliweza kwa sababu kilichouzwa kilikuwa rekodi. Kama mtunzi, bado alikuwa na haki zake mkononi. Masta zenyewe alizinunua baadaye, mwaka 2025. Kwa kuogopa marudio ya namna hiyo, mikataba ya rekodi mara nyingi huwa na kifungu kinachomkataza msanii kurekodi upya nyimbo zake kwa miaka kadhaa. Kitafute kwenye wako, na uangalie ni miaka mingapi.

Dolly Parton, mwimbaji na mtunzi wa Marekani, naye ana kisa ninachokipenda zaidi. Miaka ya 1970 Elvis Presley alitaka kuimba wimbo mmoja aliotunga Dolly, na meneja wa Elvis, Colonel Tom Parker, akadai wapewe nusu ya haki za uchapishaji wa wimbo huo, yaani zile za utunzi. Dolly alimpenda Elvis kama kila mtu wa wakati ule, lakini alikataa. Mwaka 1992 Whitney Houston akauimba wimbo ule ule kwa ajili ya filamu, ukaenea dunia nzima, na mrabaha wa utunzi, yaani malipo ya kazi yake kutumika, ukaenda kwa Dolly ambaye kwenye rekodi hiyo hakuimba hata neno moja.

Sasa turudi kwako. Ngoma yako ya mwisho ni ya nani? Mashairi umeandika wewe. Biti ni ya prodyuza. Kiitikio, kwa maneno yako mwenyewe, alikileta rafiki yako mkiwa mmekaa tu. Gitaa kapiga yule kijana uliyemlipa kwa siku. Mmeandikiana wapi? Najua jibu: hamkuandikiana, "sisi ni washikaji". Washikaji nimewaona wengi wakikaa kimya miaka miwili halafu wakaja na mwanasheria wiki ile tangazo la biashara lilipouchukua wimbo.

Karatasi ya makubaliano yenyewe ni ukurasa mmoja tu. Andika jina la wimbo na tarehe. Kwa kila aliyehusika, andika jina lake la kisheria, jina lake la kisanii, alichofanya, asilimia yake kwenye utunzi na asilimia yake kwenye masta. Jumla ya kila safu ifike 100, isipungue wala isizidi. Kama mpiga gitaa amelipwa ikaisha, iandikwe hivyo hivyo kwamba amelipwa na hana fungu, naye atie sahihi. Fanyeni hivyo usiku huo huo kabla hamjatoka studio, wakati wimbo haujaingiza hata senti na kila mtu bado ni mkarimu.

Na biti zile za kukodi mtandaoni, soma leseni yake. Nyingi si za kwako peke yako: prodyuza anaruhusiwa kuikodisha biti hiyo hiyo kwa watu wengine kumi, na mara nyingi kuna kikomo cha idadi ya mara wimbo unapoweza kusikilizwa kabla hujatakiwa kulipa tena. Ukiisajili biti ya namna hiyo kwenye mfumo wa YouTube wa kutambua hakimiliki, unaweza kuwafungia video wenzako kumi wasio na kosa, na wao wakakufungia wewe. Kwa wimbo unaoutegemea, nunua haki ya peke yako au kaa na prodyuza mgawane asilimia.

Mkataba sasa. Wanakupa malipo ya awali, na umeniandikia kwa herufi kubwa kiasi chake. Pesa hiyo inakatwa kwenye mapato yako ya mbele, na inakatwa kwenye fungu lako, si kwenye mapato yote. Tuifanye hesabu kwa namba rahisi. Tuseme wamekupa 100, na fungu lako ni asilimia 20. Rekodi zako zikiingiza 100, watu watadhani deni limekwisha. Halijaisha. Fungu lako katika hiyo 100 ni 20, kwa hiyo umelipa 20 na bado unadaiwa 80. Ili deni liishe inabidi rekodi ziingize 500. Wakati huo lebo imeshaweka mfukoni 400 yao, pamoja na 100 waliyojirudishia. Hapo bado sijaweka video, promosheni na nauli, ambazo katika mikataba mingi nazo huandikwa upande wako. Na deni likishaisha, masta inabaki ya nani? Kama ni ya lebo milele, basi umemalizia kulipia mali ya mtu mwingine.

Sisemi lebo ni wezi. Kuna lebo zinazofungua milango ambayo peke yako ungeigonga hadi uchoke, na kuna wanaokubali kuchukua leseni ya masta kwa miaka kadhaa halafu zinakurudia. Omba hiyo. Mkataba hubadilika pia: Joseph Haydn, mtunzi wa muziki wa Austria, mwaka 1761 alisaini mkataba kwa mwajiri wake, ukoo wa kitajiri wa Esterházy, uliomkataza kutoa tungo zake nje au kumtungia mtu mwingine bila ruhusa. Mwaka 1779 aliandikiwa mkataba mpya, kifungu hicho kikaondoka, na kuanzia hapo akawa anauza kazi zake kwa wachapishaji wa miji mikubwa ya Ulaya. Mwajiri alibaki yule yule, na mshahara aliendelea kuupokea.

Kuhusu majukwaa ya kusikiliza muziki, nataka uwe na matarajio ya mtu mzima. Hakuna bei maalumu ya kila usikilizaji. Kwa kawaida pesa za mwezi huwekwa chungu kimoja, kisha hugawanywa kulingana na sehemu ya kila rekodi katika usikilizaji wote. Kwa hiyo wewe unaweza kusikilizwa zaidi mwezi huu na kulipwa pungufu, kwa sababu tu usikilizaji wa wengine umeongezeka kuliko wako. Spotify huhesabu usikilizaji ukishafika sekunde 30, na tangu 2024 rekodi ambayo haijafikisha mara 1,000 ndani ya miezi 12 haiingizwi kwenye mgao wa mrabaha wa rekodi. Majukwaa yatumie kama sehemu ya watu kukupata. Kodi ya nyumba itoke kwingine.

Msambazaji wako wa mtandaoni, yule unayemlipa kila mwaka akupelekee nyimbo kwenye majukwaa, kwa kawaida hukuletea pesa za masta tu. Pesa za utunzi zina njia yake, kupitia chama cha kukusanya mirabaha, na usipojisajili zinakaa tu au zinagawiwa wengine. Vyama hivi vina asili yake Paris. Mwaka 1847 mtunzi Ernest Bourget na wenzake walikaa kwenye mkahawa, wakasikia tungo zao zikipigwa, wakakataa kulipa walichokunywa kwa hoja kwamba mwenye mkahawa naye hajawalipa wao. Wakaenda mahakamani, wakashinda, na mwaka 1851 ikazaliwa SACEM, ambayo ipo hadi leo. Wewe jisajili kama mtunzi na, pale inapowezekana, kama mwimbaji pia. Peleka orodha ya nyimbo ulizopiga kwenye kila shoo, maana vyama vingi hulipa na kwa hizo. Na ile namba ya ISRC, yaani namba ya kuitambulisha kila rekodi, yenye herufi na tarakimu jumla 12, iandike mahali salama. Ukihama msambazaji uhame nayo, vinginevyo hesabu ya wasikilizaji wako inaweza kuanza upya.

Pesa zenyewe utazipata wapi, basi? Kwa wengi ninaowatunzia hesabu, shoo ndizo zinazolisha, zikifuatiwa na vitu vinavyouzwa mkono kwa mkono na kazi za kuwatungia wengine. Shoo bila malipo ya nusu mapema na bila karatasi ya saa za kupiga, vyombo na usafiri, usiende, hata akiwa anayekualika ni mjomba. Mashabiki wako uwe na namba zao au barua pepe zao wewe mwenyewe. Wafuasi wa mtandaoni wako mikononi mwa mwenye mtandao, akibadili mambo yake hawakuoni tena. Nipsey Hussle, rapa wa Marekani, mwaka 2013 alichapisha nakala 1,000 tu za kazi yake, akaziuza kwa dola 100 kila moja, ilhali mtandaoni ilikuwa bure, na watu walipanga foleni. Hakuhitaji milioni ya watu. Ila aliwajua waliokuwa tayari kutoa pesa, na wewe wako huwajui hata kwa majina.

Akaunti ya muziki itenganishe na yako, na kodi ilipe. Hilo halihitaji maelezo.

Haya, kazi yako. Usiangalie mwezi wako mzuri, angalia mwezi wako mbovu kuliko yote ya mwaka huu. Kama pesa za muziki za mwezi ule, ukiondoa za majukwaa, zinalipa mahitaji yako ya lazima, acha kazi na mimi mwenyewe nitakuandikia barua ya kujiuzulu. Kama hazifiki, baki, ila omba kupunguziwa saa. Mshahara ndio unaokuruhusu kuukataa mkataba mbovu, na wao wanajua kwamba asiye na mshahara hakatai.

Waandikie leo uwaambie unahitaji mwanasheria ausome, na kwamba mwisho wa mwezi ni mapema mno. Waulize masta zinarudi lini kwako, na gharama zipi hasa zinakatwa kwenye fungu lako. Wajibu kwa maandishi, simu usiikubali. Wakikasirika kwa sababu umetaja mwanasheria, usisaini. Wakijibu, nitumie majibu yao pamoja na ile karatasi ya asilimia ya ngoma ya mwisho, ikiwa na sahihi ya rafiki yako wa kiitikio.

Dada yako