Legend imeniangusha, ila Tom Hardy apewe haki yake

Ndugu Mhariri,

Habari za kazi. Mimi msomaji wenu wa siku nyingi hapa Nkuhungu, Dodoma, naomba nafasi niongelee muvi ya Legend, ile ya 2015 ya majambazi mapacha wa London, Reggie na Ronnie Kray. Najua nimechelewa, jamaa wa laibrari pale Sabasaba ndo kaniwekea kwenye flashi wiki iliyopita. Nikamwita na pacha wangu, maana mimi ni Doto yeye ni Kulwa, nikamwambia njoo leo tunaonyeshwa watu kama sisi.

Kiukweli stori imeniangusha sana. Umekaa zaidi ya masaa mawili, watu wanapigana, wanavaa suti kali, wanaingia klabu wanatoka klabu, basi. Mpelelezi kacheza Christopher Eccleston, mtu anayejua kazi, ila humu hana anachopewa, unafika mwisho hata hujaelewa vizuri kawanasaje. Wenye baa na maduka waliokuwa wanakamuliwa hela ya ulinzi huwaoni kabisa, wakati hao ndo walioumia. Na Frances, mke wa Reggie, ndo kaniuma zaidi. Yeye ndo anasimulia muvi nzima ila maisha yake huyaoni, mara kaolewa, mara analia, mara kafa, na hicho kifo wamekipita kama daladala inavyopita kituo kisicho na abiria. Huyu ni binti wa kweli jamani, alifariki 1967 ana miaka 23 tu.

Sasa Hardy. Kacheza mapacha wote wawili, yaani anapigwa picha akiwa huyu, anaenda kubadilishwa nywele na kuvaa miwani, anarudi kujibizana na mtu ambaye hayupo. Usipoambiwa huwezi kujua ni mtu mmoja. Na sio miwani inayofanya hiyo kazi, ni mwili. Ronnie taya iko mbele, anaongea kama ana tonge mdomoni, anakukazia macho mpaka unatamani aangalie pembeni. Kuna sehemu baa wamevamiwa na watu wenye marungu, Ronnie ananuna kabisa kwa sababu yeye alijiandaa kwa bunduki, anasusa anatoka nje, halafu anarudi na nyundo mbili. Pale sebuleni watoto walicheka, mimi nilikuwa namwangalia Reggie, jinsi alivyo mwepesi na watu wote, ila pacha wake akiingia tu mabega yanakaza hata kabla hajageuka kumwona. Hicho kitu nakijua, Kulwa yuko hivyohivyo tangu mwaka ambao mimi niliumwa na yeye ndo akawa ananilinda usiku, mpaka leo nikifungua mlango anaweka chini alichoshika. Hakuna mtu aliyemfundisha.

Uingereza walimpa Hardy tuzo ya mwigizaji bora kwenye tuzo za filamu huru mwaka huohuo wa 2015 na alistahili kabisa. Ndo maana naomba ukurasa wenu wa burudani mkiandika muvi msiishie kwenye stori na stelingi ni nani, tuandikieni mtu kachezaje, maana hata huku kwetu muvi za mapacha zipo na mtu anabadilisha shati tu anaambiwa ashakuwa Doto.

Mwishoni huko Reggie anamuua jamaa anaitwa Jack McVitie kwa kisu, kwenye pati, mbele za watu. Ronnie anamuuliza kwa nini umefanya hivi, Reggie anamsogelea karibu kabisa anamwambia ni kwa sababu siwezi kukuua wewe. Kulwa hakuongea kitu. Akachukua rimoti akarudisha nyuma, tukaangalia tena, akarudisha tena, halafu akaaga akaenda kwake na muvi haijaisha.

Doto,
Nkuhungu, Dodoma