Barua kwa Moraa: maharagwe yanayooza mizizi

Kakamega

Mpendwa Moraa,

Salamu kwako, kwa Baba Kevin na watoto. Huku tu wazima, ila mvua hainyamazi.

Ulivyoeleza, majani ya chini kuwa manjano, miche kudumaa, na mzizi mkuu kugeuka rangi ya matofali ukiung'oa, hiyo ni kuoza kwa mizizi. Namshuku kuvu aitwaye Fusarium. Huyo hukaa udongoni miaka mingi akisubiri maharagwe yarudi, na pale maji yanapotuama, Pythium, kiini kingine cha ugonjwa kipendacho maji, naye humaliza mbegu hata kabla hazijachipuka.

Sasa huo unga wa bakteria ulioniuliza, ule wa kukinga mizizi. Aliyekwambia uumwagie miche iliyokwisha kuugua amekupotosha. Bakteria hawa hawaponyi mzizi uliooza, wanauwahi kabla kuvu hajafika. Mmoja wao, Bacillus subtilis, akipakwa kwenye mbegu huamka pamoja nayo, akauvika mzizi mchanga angali peke yake pale. Hula utomvu wa mzizi ambao kuvu angeufuata, tena hutoa kemikali zinazopasua ngozi ya seli za kuvu. Mmea wenyewe nao huzindua kinga yake. Yupo bakteria mwingine, Pseudomonas fluorescens, anayenyakua madini ya chuma udongoni hadi adui akose. Mimi hupendelea Bacillus kwa sababu moja ya dukani: hujifungia ndani ya ganda gumu liitwalo spora, kwa hiyo unga wake hustahimili kukaa rafuni kuliko ule wa mwenzake. Hata hivyo, tazama tarehe ya mwisho, na ukatae pakiti iliyoanikwa juani.

Usiuchanganye na Biofix. Ile ni rizobia, bakteria wa kuunda vinundu mizizini na kuvuta nitrojeni ya hewani. Waweza kutumia vyote viwili, lakini mbegu iliyopakwa dawa ya kuua kuvu mara nyingi huwaua rizobia. Lowesha mbegu kidogo kwa maji ya sukari, nyunyiza unga, geuza kivulini, upande siku hiyo hiyo.

Lakini Moraa, kwa lile shamba lako la bondeni, bakteria peke yao hawatafua dafu. Inua matuta, weka samadi iliyoiva, na msimu mmoja panda mahindi matupu. Inzi wa maharagwe pia usimsahau. Funza wake wakitoboa shina karibu na ardhi, kuvu hupata mlango. Na acha mistari miwili bila unga, uone mwenyewe kama pesa yako imefanya kazi.

Huku kwetu ugonjwa huu ulipowachosha watu, mbegu za KK8 na KK15 ndizo zilizorudisha maharagwe mashambani, kwa kuwa zinauvumilia. Ninayo KK15 ya kukutosha. Ni nyeusi, najua watoto watanung'unika mezani. Nitaituma kwa matatu ya Kisii kabla ya mvua za vuli. Niambie tu unataka kilo ngapi na nani ataipokea stendi.

Wako,
Nekesa