Barua kwa Idrisa, kabla hujalipia mazabodi

Barabara ya 12,
Tanga,
6 Aprili 2025.

Mwanangu Idrisa,

Assalaam alaikum. Sisi huku hatujambo, Idd imepita salama, na bibi yako bado anawasimulia majirani kwamba wewe ndiwe uliyempigia simu kabla ya wajukuu wote. Orodha ya vifaa vya kompyuta yako ya magemu nimeipata, nimeichapa pale dukani kwangu, na nimekaa nayo jioni mbili nikiwa na kalamu nyekundu. Umeniuliza kama ni nzuri. Kila kifaa ulichokiandika ni kizuri kikiwa peke yake, ila baadhi yao hawapatani, na hilo ungeligundua ukiwa umeshalipa, umekaa kwenye mkeka chumbani kwako huko Dodoma, skrubu zimetapakaa na duka liko Kariakoo.

Naanza na kosa kubwa. Umeandika prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, ya Ryzen 5 5600; mazabodi, ile bodi kuu inayobeba vifaa vyote, ya B650; na RAM, kumbukumbu ya kazi za papo hapo, za aina ya DDR4. Nahisi umevichagua siku tofauti, kila kimoja kwa sababu siku hiyo kilikuwa kimeshushwa bei. Prosesa hiyo ni ya soketi, yaani kikalio chake kwenye mazabodi, ya AM4: ukiigeuza utaona pini 1331 nyembamba kama nywele, zinazotumbukia kwenye vitundu vya mazabodi. B650 ni ya soketi ya AM5, ambayo AMD, watengenezaji wa prosesa hizo, waliitoa mwaka 2022, na humo mambo yamegeuzwa: pini, 1718, zimehamia kwenye mazabodi, na prosesa zake kwa chini zina vidoa bapa tu. Hapa hakuna cha kulazimisha. RAM nazo hivyo hivyo, kwa sababu mazabodi zote za AM5 hupokea DDR5 peke yake, na zote za AM4 hupokea DDR4 peke yake. Macho hudanganyika kwa kuwa DDR4 na DDR5 zina urefu mmoja na migusano 288 kila moja, lakini lile pengo lililo katikati ya meno halipo mahali pamoja, na mtu akikandamiza kwa nguvu huvunja tundu. Wewe umekulia kati ya katriji za printa, unajua jinsi mbili zinavyoweza kufanana kama mapacha na printa ikaikubali moja tu.

Ushauri wangu ni kubadilisha mazabodi na kuacha prosesa na RAM kama zilivyo. Ukihamia AM5 itakubidi ununue upya vyote vitatu, na hiyo milioni mbili uliyoikusanya kwa kupiga picha za mahafali itaishia hapo kabla hujafika kwenye kadi ya grafiksi, nayo ndiyo inayochora gemu. Najua utaniambia AM4 ni ya zamani. Ni kweli, lakini ndani ya uzamani huo ipo Ryzen 7 5800X3D, ambayo ukiipata siku moja kwa mtu anayehama utaichomeka kwenye mazabodi ileile bila kugusa kitu kingine, isipokuwa kuboresha BIOS, ile programu iliyo ndani ya mazabodi inayoiamsha kompyuta, na kuweka feni ya prosesa iliyo kubwa zaidi. Tafuta mazabodi ya B550. Mtu akikuletea ya B450 kwa bei nafuu usikatae papo hapo, lakini ujue kwamba chipseti hiyo, yaani chipu inayosimamia mazabodi, ni ya mwaka 2018 na prosesa yako ni ya 2022. Kama BIOS yake haijawahi kuguswa, prosesa itaingia vizuri kwenye soketi, feni zitazunguka, na skrini itabaki nyeusi. Kila mtengenezaji wa mazabodi ana ukurasa unaotaja prosesa zinazokubalika na toleo la BIOS linalohitajika kwa kila moja. Soma jina kamili lililochapwa kwenye mazabodi yenyewe, pamoja na namba ya marudio iliyoandikwa pembeni kwa herufi ndogo, kisha litafute jina hilohilo kwenye ukurasa huo, kwa sababu mazabodi mbili zinazotofautiana herufi moja zinaweza kuwa na orodha tofauti.

Umeandika pia kwamba kadi ya grafiksi utainunua mwezi wa saba. Baba, 5600 isiyo na herufi G mwishoni haina grafiksi ndani yake, kwa hiyo bila kadi hutaona hata neno moja kwenye skrini. Prosesa za Intel zenye F mwishoni zina ulemavu huo huo. Ipo 5600G inayochora yenyewe, lakini ina kumbukumbu ya ndani megabaiti 16 badala ya 32 na inawasiliana na kadi kwa PCIe, ile njia inayounganisha kadi na prosesa, ya kizazi cha tatu, si cha nne, na baadaye utakapoweka kadi itakuwa nyuma ya 5600 kwenye magemu. Mimi ningesubiri hadi huo mwezi wa saba, nikanunua vyote kwa pamoja, nikavijaribu vyote dhamana ingali hai. Vifaa vilivyokaa kwenye boksi miezi mitatu vinakula siku za dhamana bila kukufanyia kazi yoyote.

Sasa pawasaplai, kile kifaa kinachoilisha kompyuta umeme, ambayo umeiweka mwisho wa orodha na kuitengea fedha kidogo kuliko kibodi yenye taa. Hapo nilikasirika kidogo.

Mwaka 2009 ulikuwa na miaka mitano, na mchana ulikuwa ukikaa dukani juu ya rimu za karatasi. Nilikuwa nimenunua kompyuta tatu zilizotumika, zilizoletwa kutoka Marekani. Nyuma ya kila moja, kando ya tundu la waya wa umeme, palikuwa na swichi ndogo nyekundu iliyosomeka 115. Mbili nilizisukuma kwa ncha ya bisibisi hadi zikasomeka 230. Kabla sijaifikia ya tatu akaja mteja mwenye barua ya kazi ya haraka, nikamchapia, niliporudi nikaichomeka kama ilivyo. Mlio ulikuwa kama fataki ya harusi, na kwenye matundu ya feni zikatoka chembechembe za karatasi na bati laini, zikifuatwa na moshi wenye harufu ya samaki aliyechina. Ulilia hadi baba yako akaja kukuchukua. Baadaye nilielewa kilichotokea: swichi ikiwa kwenye 115, pawasaplai huuongeza umeme unaoingia mara mbili ili ufikie kiwango inachokihitaji ndani, na umeme wetu, ambao tayari ni volti 230, nao uliongezwa mara mbili, kapasita zikapasuka.

Pawasaplai nzuri za sasa hazina swichi hiyo, hupokea kuanzia volti 100 hadi 240 zenyewe. Kwa hiyo ukiambiwa ni mpya na ukaikuta ina kitufe chekundu nyuma, ujue ni muundo wa zamani uliovishwa kasha jipya. Halafu usiamini namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi. Ile uliyoichagua imeandikwa wati 700. Igeuze usome jedwali lililobandikwa ubavuni, mstari wa volti 12, kwa sababu prosesa na kadi hula karibu kila kitu kutoka huko. Ukikuta ampea 28, zidisha kwa 12: ni wati 336, na hizo 700 ni za kupamba boksi. Kadi ya RX 6600 uliyoitaja hula takriban wati 132, prosesa yako haitapita sana 76, na ukijumlisha diski, feni na RAM bado uko chini ya wati 300, hivyo pawasaplai ya kweli ya wati 550 yenye cheti cha 80 Plus, cha kutopoteza umeme mwingi, inakutosha na inabakiza nafasi. Kadi hiyo inataka plagi moja ya pini nane iliyoandikwa PCIe. Prosesa nayo ina plagi yake ya pini nane, iliyoandikwa CPU, na ingawa kwa mbali zinafanana, maumbo ya vitundu vyake yanatofautiana. Ukiona haitaki kuingia, umeshika siyo. Na kama pawasaplai ni ya waya zinazochomoka, usiazime waya za rafiki yako hata kama zinaingia, kwa sababu upande wa pawasaplai kila mtengenezaji hupanga pini anavyotaka, na kosa hilo huunguza diski na mazabodi kwa sekunde moja.

Kuhusu umeme kukatika, UPS, ile betri ya akiba, ni jambo la baadaye, lakini ukinunua soma wati na si VA, kwa sababu yenye VA 650 haibebi wati 650.

Kasha ulilolipenda kwa ajili ya kile kioo cha ubavuni linapokea mazabodi ya micro-ATX, yaani isiyozidi milimita 244 kwa 244, ilhali mazabodi kamili ya ATX ina urefu wa 305. Nafasi ya kadi humo, kwa maelezo uliyonitumia, ni milimita 260. Kadi yako uliyoichagua ni ya feni tatu na ina urefu wa milimita 282. Nilichukua rula ya sentimita 30 dukani, nikakata ubao wa boksi la karatasi kwa kipimo hicho, nikaupeleka kwenye kasha la kompyuta yangu ya kuchapia, na nikaona wazi jinsi milimita 22 zinavyoweza kumtoa mtu machozi. Chukua kadi hiyohiyo ya RX 6600 yenye feni mbili. Chipu ni ile ile, gigabaiti nane ni zile zile, na kwenye skrini ya 1920 kwa 1080 hutaona tofauti. Au badilisha kasha. Kwa vumbi la Dodoma ningechagua lenye wavu wa mbele unaochomoka ukaoshwa, hata kama halina kioo.

RAM umeandika kijiti kimoja cha gigabaiti 16. Nunua viwili vya nane vilivyofungwa pakiti moja, uviweke kwenye tundu la pili na la nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa, ili prosesa isome kwa njia mbili kwa wakati mmoja. Kwenye magemu tofauti yake inaonekana. Kisha ingia kwenye BIOS uwashe XMP, ule mpangilio wa kasi ya RAM, la sivyo RAM za 3200 zinaweza kutembea polepole na hakuna atakayekuambia. Humo humo hakikisha TPM, ile sehemu ya usalama, imewashwa, kwa kuwa gemu la Valorant kwenye Windows 11 haifunguki bila hiyo.

SSD, diski ya kuhifadhia, ya terabaiti moja umeichagua vizuri. Angalia tu kwamba imeandikwa NVMe, maana zipo za umbo lile lile zinazotumia njia ya zamani ya SATA, na baadhi ya matundu ya mazabodi hayazioni kabisa.

Ile monita ya zamani uliyoniomba nikutumie nitakutumia, lakini ina tundu moja tu, lile la bluu la VGA, na kadi yako itakuwa na HDMI na DisplayPort. Utahitaji kibadilishaji, tena kile kinachogeuza ishara, si waya mtupu wenye plagi mbili. Kwa sasa kitakusaidia. Siku ya kwanza waya wa monita uchomeke kwenye kadi, si kwenye mazabodi; nimekwishawaona watu wazima wakirudisha kompyuta dukani kwa sababu hiyo.

Wazo lako lingine, la kununua kompyuta ya ofisini iliyotumika na kuipachika kadi, nimelifikiria pia. Nyingi kati ya hizo zina pawasaplai ndogo yenye plagi ya umbo lake peke yake, huwezi kuibadilisha na ya kawaida, na hazina plagi ya pini nane kwa ajili ya kadi. Ungebaki na kadi zinazoishi kwa wati 75 za tundu la mazabodi, na gemu unazozitaja zingekuchosha baada ya muhula mmoja.

Ukishuka kwenye treni Dar usiende Kariakoo peke yako. Mpitie mjomba wako, nendeni asubuhi, na kabla ya kulipia mazabodi nipigie picha ya maandishi yaliyo juu yake na ya stika ya boksi, nitalinganisha na ile orodha ya prosesa nikiwa hapa. Mwombe muuzaji akuwekee prosesa, RAM na kadi na kuiwasha mbele yako hadi BIOS itaje jina la prosesa. Mwenye duka la kweli hatakataa, na akikataa mtoke. Risiti ya EFD uichukue, na muda wa dhamana aandike kwa mkono wake.

Ndani ya bahasha nimeweka bisibisi ya nyota namba 2 yenye sumaku, na kijaluba chenye nguzo ndogo za shaba za akiba. Kabla hujalaza mazabodi, zihesabu zilizomo kwenye kasha uone kila moja iko chini ya tundu la skrubu, kwa sababu moja ikibaki mahali pasipo tundu itagusa nyuma ya mazabodi na kuleta shoti. Ukifika kwenye zile waya nyembamba za kitufe cha kuwashia na taa, nipigie hata kama ni usiku. Hizo na mimi huzisoma kwa miwani.

Mama yako.