Anayefungua duka aanze na daftari

Mhariri,

Vijana wa hapa Busia, baadhi yao wakiwa wamepata mikopo ya Emyooga, mpango wa serikali ya Uganda wa kuwainua wenye biashara ndogo, kupitia SACCO zao, yaani vyama vya akiba na mikopo, huja dukani kwangu kuniuliza mtaji wa kiasi gani unatosha kufungua duka la nafaka. Mimi huwauliza kwanza watakula nini katika miezi sita ya mwanzo bila kugusa fedha ya duka.

Nilipofungua duka mwaka 2021 nilikuwa na shilingi milioni 3. Mwenye nyumba alidai kodi ya pango ya miezi sita kwa mkupuo, mizani, rafu na leseni ya biashara vikachukua fungu lao, na kilichobaki kikanunua magunia manne tu ya mchele na maharagwe. Hayo niliyamudu. Kilichokaribia kunifilisi ni droo. Jioni nilikuwa nikiifungua na kukuta shilingi 70,000, nikatoa 15,000 za mboga na sabuni ya nyumbani nikiamini nakula faida yangu, kumbe faida ya siku nzima, hata kabla ya kutoa kodi ya pango, haikufika 10,000. Mwezi wa nne maharagwe yaliisha na sikuwa na fedha ya kununua gunia jingine. Sehemu ya mali ilikuwa imekopwa na majirani, ambao majina yao nilikuwa nimeyaandika kwa penseli nyuma ya kalenda, na mengine yalikwisha kufutika.

Ndipo niliponunua daftari, nikachora safu nne: mauzo, manunuzi, madeni, na kilichotoka kwa ajili ya nyumbani. Nikajipangia posho ya wiki, nami nikaiheshimu hata mwezi Februari, wakati wazazi wanahangaikia karo na duka linapooza.

Daftari hilo lilinisaidia pia kwenye kodi ya mapato, jambo ambalo wengi hawalijui. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2020, mwenye mauzo ya kati ya milioni 10 na milioni 30 kwa mwaka alitakiwa kulipa shilingi 80,000 ikiwa hana kumbukumbu za maandishi za biashara yake. Mwenye kumbukumbu alilipa asilimia 0.4 ya kile kilichozidi milioni 10. Kwa mauzo ya milioni 20, hiyo ni shilingi 40,000, yaani nusu. Nami huona uchungu ninapomsikia mwenzangu sokoni akisema haandiki chochote ili URA, mamlaka ya mapato ya Uganda, wasimwone.

Kwa hiyo nawaomba viongozi wa SACCO zetu, kabla ya kumkabidhi kijana fedha, wamwambie aandike mapato na matumizi ya nyumba yake kwa mwezi mmoja, kisha wakae naye na kulisoma daftari hilo ukurasa kwa ukurasa.

Mfanyabiashara wa nafaka,
Busia, Uganda