Barua: yule rais wa dirishani

Ndugu yangu Hamisi,

Salamu sana. Huku sote wazima. Mama bado analia na goti, ila sokoni haachi kwenda.

Yule rais wa Ufaransa uliyenichekesha naye, aliyeanguka dirishani na nguo za kulalia, nimekaa nikamsoma vizuri. Naona tumemwonea.

Anaitwa Paul Deschanel. Alizaliwa mwaka 1855 Schaerbeek, pale Brussels, kwa sababu baba yake alikuwa uhamishoni, alimpinga Louis-Napoléon, mtawala wa Ufaransa wakati ule. Mtoto huyo wa mkimbizi akaingia bunge la Ufaransa mwaka 1885, akadumu humo hadi 1920, na uspika akaushika vipindi viwili. Msemaji hodari, mtanashati, mpinzani wa adhabu ya kifo. Mwaka 1894 alipigana kwa upanga na mwanasiasa mwenzake Clemenceau, akatoka na jeraha usoni.

Sasa sikia. Clemenceau ndiye waziri mkuu aliyeivusha Ufaransa katika vita vile vikuu, na Januari 1920 kila mtu alijua urais ni wake. Wabunge wakapiga kura ya mchujo: Deschanel 408, Clemenceau 389. Mzee akasusa, akajitoa. Kesho yake, tarehe 17, Deschanel akachaguliwa kwa kura 734. Kumbe alikuwa amepokea kiti kisicho na meno! Rais wa zama zile maamuzi yalikuwa ya mawaziri. Yeye hotuba na kufungua sanamu.

Na ni sanamu iliyomponza. Usiku wa tarehe 23 Mei alikuwa kwenye treni ya kwenda mji wa Montbrison, kuzindua mnara wa seneta rubani aliyekufa vitani, Émile Reymond. Alikuwa amekunywa dawa ya usingizi. Joto likamzidi, akafungua dirisha apate hewa, akadondoka. Bahati yake treni ilikuwa inakwenda polepole. Humo ndani hakuna aliyeshtuka hadi asubuhi. Mfikirie: mzee wa miaka 65, pekupeku, damu usoni, anatembea gizani kando ya reli karibu na Montargis. Akakutana na fundi wa reli, akamwambia yeye ndiye rais. Ungekuwa wewe ungeamini? Fundi alidhani mlevi, ila hakumwacha; akampeleka nyumbani kwa mlinzi wa kivuko cha reli. Wakamwosha vidonda, wakamlaza kitandani mwao. Husimuliwa kwamba mke wa mlinzi alisema baadaye alimjua kuwa ni mtu mkubwa kwa sababu miguu yake ilikuwa misafi. Huyo mama nampa maua yake. Magazeti ya Paris yalishika nguo za kulalia tu.

Hakupona vizuri. Septemba, kwenye ikulu ndogo ya Rambouillet, walimkuta ameingia majini alfajiri. Tarehe 21 mwezi huo akajiuzulu, miezi saba tu tangu aapishwe, katika muhula wa miaka saba. Hapo ndipo nilipoona haya kwa kile kicheko. Yule alikuwa mgonjwa. Tena hakujificha: Januari 1921 akarudi kuwa seneta, na kazi akaendelea nayo mpaka kifo chake, Aprili 1922.

Basi safari yetu ya Kigoma iko palepale. Tikiti nitakata mimi, lakini kitanda cha dirishani utalala wewe.

Msalimie shemeji na watoto.

Wako,
Idi