Kitufe cha kununua ndicho kinachopanga bei

Ndugu Mhariri,

Nimesoma gazeti lenu miaka mingi bila kuandika, ila taarifa yenu kuhusu masoko ya mtandaoni imenikera. Mlidai wauzaji wa Ulaya sasa wako huru kupanga bei kwa kuwa kile kifungu cha "usiuze rahisi kwingine", ambacho soko lilimwekea muuzaji kwenye mkataba, kilishafutwa. Ni kweli, Amazon ilikifuta huko mwaka 2013, ilipobanwa na mamlaka za ushindani za Ujerumani na Uingereza. Uhuru haukuja.

Pigeni hesabu. Birika linauzwa kwenye soko la mtandaoni euro 100. Kamisheni ya soko hilo ikiwa asilimia 15, muuzaji anabakiwa na 85. Kwenye tovuti yake anauza 90, na bado anapata zaidi. Mfumo wa kompyuta wa soko, unaolinganisha bei za kwingine, ukishaiona hiyo 90, kitufe cha kununua kinaondoka kwenye ukurasa wa birika lake. Bidhaa haifutwi, inasukumwa nyuma ya kiungo cha "wauzaji wengine", ambako wanunuzi wachache hufika. Akishusha bei ya sokoni hadi 90, atabakiwa na 76.50. Kwa hiyo anapandisha ya tovuti yake hadi 100, na kitufe kinarudi. Anayelipia euro 10 hizo ni mnunuzi ambaye hata hajalifungua soko hilo! Halafu mnaandika kwamba hakuna anayepangiwa bei?

Tena mifumo ya namna hii hukosea: hulinganisha pakiti moja na pakiti ya mbili, huacha gharama ya usafirishaji, hushika bei ya duka lililoishiwa mzigo. Na kuna hili la kutopewa sababu. Kanuni ya Ulaya 2019/1150, inayotumika tangu Julai 2020, inalitaka soko limweleze muuzaji kwa maandishi kwa nini linaibana bidhaa yake. "Bei yako si shindani" haimwelezi kitu.

Sheria ya Masoko ya Kidijitali ya Umoja wa Ulaya, ibara ya 5(3), inayakataza majukwaa makubwa kumzuia muuzaji kuuza kwa bei tofauti kwingine, na utangulizi wake unahesabu kupandisha kamisheni na kuondoa bidhaa kuwa vizuizi vilevile. Kitufe hakikutajwa. Kitajwe, kwa jina. Na kila kinapoondolewa, muuzaji apewe siku hiyohiyo bei iliyolinganishwa, duka ilikoonekana, saa, idadi ndani ya pakiti, na kama usafirishaji umo. Likikosekana moja, kitufe kirudishwe ndani ya saa 24.

Msomaji wenu wa siku nyingi